Mkeka Chini ya Kioo

Kwetu milimani kila mtoto huijua kanuni hii kabla hajajua kufunga kamba za viatu: msibani mtani hakasirikiwi. Atakutukana, atakuvua kofia, atalala kaburini kabla ya marehemu na kudai kuku ndipo atoke. Wewe utacheka, au utanyamaza, au utakwenda nyuma ya nyumba ukaung'ate mgomba. Anayekasirika hulipa jogoo. Tena, mpaka jogoo huyo aliwe na mfupa wa mwisho utupwe, aliyekasirika hana kauli katika kikao cha ukoo, hata awe mkubwa kiasi gani.

Naiona kanuni hii kuwa ya busara kuliko nyingi nilizofundishwa na mapadre wa misheni, ambao walikasirika kila siku ya Mungu na hawakulipa hata yai.

Bibi Mwanaheri alipofariki aliacha nyumba ya matofali, miti ya plamu, na matuta ya kabichi yaliyo jirani na chemchemi. Hakujaliwa kuzaa. Kwa kuwa kwetu ardhi hufuata upande wa mama, mrithi wa haki alikuwa Winfrida, binti wa mdogo wa kike wa marehemu. Winfrida alikuwa ameacha chumba chake cha kupanga mjini Morogoro na cherehani yake ili aje amwuguze mama yake mkubwa. Alimlisha, akamwosha, akamgeuza kitandani mpaka siku ya mwisho. Chumba cha mjini kikapangishwa mtu mwingine, cherehani ikageuka dawa. Akitolewa katika nyumba ile, hakuwa na pengine pa kuweka kichwa.

Lakini anayemkalisha mtu juu ya ardhi ya ukoo ni mkuu wa ukoo katika kikao cha kuanua tanga, na mkuu wetu ni Stambuli, kaka wa marehemu. Huyu alikuwa amekwisha kuzungumza na tajiri mmoja anayetaka kujenga nyumba za wageni penye chemchemi, kwa ajili ya watu wanaolipa fedha ili wapande mlima na kutazama mvua. Aliyemleta tajiri huyo ni Elia, mpwa wake Stambuli, kijana wa mjini mwenye simu mbili na neno moja la kweli kwa zote mbili. Habari hizo nilizijua kama kila mtu alivyozijua, yaani kwa kunong'onezwa kisimani. Hadharani Stambuli alisema tu kwamba mali itarudi kwa ukoo, na kwamba Winfrida “atafikiriwa.”

Kikao, alitangaza, kitafanyika ghalani, mbele ya kioo.

Tangazo hilo lilinishangaza. Mimi ndiye ninayetunza funguo za ghala la chama chetu cha wakulima, na ninakumbuka jinsi Stambuli alivyokiita kioo kile televisheni ya wavivu. Kimetundikwa ukutani, kikubwa kama mlango wa kanisa ulioegeshwa ubavu, pamoja na spika mbili, kamera, na kisanduku chenye taa ya kijani. Vyote vililetwa na watu wa utafiti kutoka mjini, wakiongozwa na binti mmoja mstaarabu aitwaye Shadya. Alitueleza kwamba simu ya mtu ni dirisha dogo, na kwamba si haki watu kumi wasongamane dirishani ilhali ukuta mzima upo. Basi ukiingia ghalani na simu yako, kisanduku hukutambua, na mkono wenye rangi yako hutokea kiooni, jina lako chini yake. Ukisogeza kidole simuni, mkono husogea ukutani. Walio mbali nao huingia kwa mtandao, mikono yao ikachanganyika na ya waliopo. Hivyo ndivyo tunavyopanga zamu za maji na kujaza lori la kabichi: kila mmoja huweka mkono juu ya nafasi yake, wote wakaona, na hakuna tena wa kusema hakuambiwa.

Shadya alitia sharti moja. Mkono wa mtu hauondolewi na mwingine. Huondolewa na mwenyewe tu. Alisema huo ndio usawa. Nimekwisha kugundua kwamba waliosoma sana huupenda usawa, hasa mahali wasipolala.

Sababu aliyoitoa Stambuli ni kwamba ndugu wengi wako mbali. Sababu ya kweli ilikuwa uani kwa marehemu, imekaa juu ya kinu, ikila mapichesi ya watu. Jina lake Bi Mwaisha.

Bi Mwaisha ndiye mkubwa wa watani wetu. Amewazika waume watatu na kuwacheka wote. Siku ya mazishi ya Mwanaheri alishuka kaburini, akajinyoosha mwanandani, akasema pana baridi na hatoki bila kuku. Alipokwisha kupewa kuku, alijifunga khanga za marehemu, akachechemea kama marehemu, akamwendea Stambuli akamwuliza kwa sauti ya marehemu, “Kaka yangu, ile sukari uliyoahidi kuniletea nikiwa mgonjwa, umeisahau au uliinywa njiani?” Watu walicheka mpaka shehe akaomba radhi kwa mbingu. Stambuli naye alicheka, kwa meno tu.

Ndipo alipolifikiria ghala. Msiba uko uani, aliniambia kwa siri. Ghalani ni mahali pa biashara, na watani hawana mamlaka juu ya kabichi.

Alasiri ile ukoo ulikusanyika, wazee juu ya viti, wengine juu ya matenga yaliyofunikwa. Kiooni alionekana Elia, akiwa ofisini kwake mjini, juu ya kiti kinachozunguka. Alionekana pia Josephina, binamu yetu wa kike, mkubwa kwa umri kuliko Stambuli, aliyeolewa Gairo. Alikuwa amekaa juu ya gunia la karanga, na nyuma yake magunia mengine yakipanda mpaka darini. Winfrida alisimama mlangoni, mikono yake ikiwa bado na majivu ya kusugulia masufuria. Karibu naye alikaa Shakila, mke wa Stambuli, akichambua mchele katika ungo.

Stambuli alifungua ukurasa aliokuwa ameutayarisha kwa msaada wa Elia. Ilitokea picha ya nyumba ya Mwanaheri na matuta yake. Chini yake palikuwa na viduara viwili: kimoja kimeandikwa Ukoo, cha pili Winfrida.

“Ndugu zangu,” alisema, “mkuu wa zamani angeamua peke yake. Mimi nataka kila mtu aweke mkono wake. Anayeupenda ukoo wake ataona mwenyewe pa kuuweka.”

Nani angethubutu kusema haupendi ukoo wake mbele ya kioo kinachoandika majina? Mkono wa kwanza ulikwenda kwenye Ukoo, wa pili ukaufuata, na wa tatu ukaenda haraka ili usionekane wa nne. Walifanya kama kondoo mbele ya kijito. Nilimwona Winfrida akiyafuta majivu mikononi, akiyafuta tena, ingawa yalikuwa yamekwisha.

“Hodi,” alisema mtu nje.

Hapakuwa na aliyejibu, kwa hiyo Bi Mwaisha akaingia. Kichwani alikuwa amebeba mkeka uliokunjwa.

“Mtani,” alisema Stambuli kwa upole mwingi, “hapa ni ghalani. Msiba uko nyumbani.”

“Msiba uko kwenye mkeka, mjukuu wa mwizi wa mihogo. Na mkeka ninao.”

Akautandika sakafuni, chini ya kioo. Ulikuwa ule aliolalia Mwanaheri katika ugonjwa wake, wenye doa la uji pembeni. Akaketi katikati yake, akanyoosha miguu, akaguna kwa raha.

Stambuli alinigeukia. “Mwalimu, wewe ni mtu wa sheria. Mwambie.”

Nilivaa miwani, si kwa kuwa palikuwa na kitu cha kusoma, bali ili nipate muda wa kufikiri. “Kanuni haitaji paa wala ua,” nilisema. “Hutaja kukaa chini penye mkeka wa marehemu. Naona mkeka, na naona waliokaa.”

Kwa kweli walikuwa wameanza kuteremka kutoka kwenye matenga, mmoja mmoja, wakiketi chini.

“Mwalimu, na huku nimetandika,” sauti ya Josephina ilitoka spikani. Picha yake ikatikisika, kisha ikatuonyesha nyayo zake, halafu uso wake, sasa ukiwa chini zaidi. “Nilikuwa juu ya gunia, lakini nimeshuka. Nipo msibani.”

“Karibu, bibi wa karanga,” alisema Bi Mwaisha. “Na wewe, baba, unayezunguka kama pia?”

“Shikamoo, bibi,” alisema Elia. Alikuwa ameinamia simu yake ya pili. “Mimi niko ofisini, nina wageni. Naweka mkono tu.”

“Marahaba. Weka tu, mwanangu. Kazi ya mikono yako tunaijua.”

Akatoa simu yake kifuani, simu yenye kioo kilichopasuka kama matope ya kiangazi. Kisanduku kikapepesa taa ya kijani. Mkono mwekundu ukatokea ukutani, ukapunga. Mashine ile, kama kanuni ya utani yenyewe, haikumwuliza kabila wala cheo.

“Mtani, usiguse ukurasa wangu,” alisema Stambuli.

“Siugusi. Nafungua wangu.”

Ukurasa wa Stambuli ulipungua ukaenda pembeni, na mahali pake ukaja mwingine. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: Mali ya Marehemu Stambuli, Mungu Amsamehe.

Kicheko kilianzia nyuma penye matenga, kikaja mbele kama maji ya mfereji uliofunguliwa. Zilikuwepo picha safi kabisa: redio ya Stambuli, koti lake la sufu, baiskeli yake, kiti chake cha uvivu, kitanda chake kikiwa hakijatandikwa, na jogoo wake mwekundu, yule anayewika adhuhuri na kuwaharibia watu saa.

“Nani alikuingiza nyumbani kwangu?” aliuliza Stambuli, akitabasamu kwa nguvu.

“Mlango.”

Shakila aliinamia mchele wake, akautafuta mchanga kwa bidii isiyo ya kawaida.

“Lakini mtani, mimi sijafa.”

“Najua, ndiyo maana tunawahi. Kesho unaweza kufa na watu wakawa shambani. Haya, wafiwa, kila mtu aweke mkono.”

Mikono iliyokuwa imeng'ang'ania Ukoo ilisahau kazi yake, ikarukia ukurasa mpya. Watatu waligombea koti. Ndugu mmoja, mtu wa Mlali, ambaye hakuwa ameongea tangu kikao kianze, aliitaka baiskeli, na mwingine akamwambia akiichukua aichukue na madeni ya breki zake. Josephina alitangaza kutoka Gairo kwamba redio ni yake.

“Ile inayokoroma kuliko mwenyewe?” aliuliza Bi Mwaisha.

“Hiyohiyo. Itanifukuzia panya.”

Mimi mwenyewe, kwa kuiheshimu desturi, niliuweka mkono wangu juu ya kiti cha uvivu, ambacho nimekitamani kwa miaka mingi.

“Hata wewe, Mwalimu,” alisema Stambuli.

“Ninakuombea pumziko la milele,” nilimjibu.

Lazima niseme kwa haki kwamba alivumilia kiume. Jasho lilimtoka chini ya kofia, lakini meno hayakufungwa. Mkono wa mkewe ulipotokea kiooni, wa rangi ya zambarau, ukatua juu ya kitanda, ukafikiri kidogo, kisha ukahama, alicheka hata akakohoa.

“Kitanda gawaneni nyinyi,” alisema Shakila bila kuinua uso. “Mimi nimekichoka tangu zamani.”

“Bado nyumba,” alisema Bi Mwaisha.

Akaivuta picha ya mwisho: nyumba ya Stambuli yenyewe, bati lake jipya, kibaraza chake chenye nguzo mbili, na Shakila akiwa amesimama mlangoni. Chini palikuwa na viduara viwili, vilivyopangwa kama vile vya ukurasa wa kwanza. Kimoja kiliandikwa Ukoo. Cha pili, Mwanamke.

Hapo hapakuwa na mkono uliosogea. Kicheko kilipungua, maana watu walianza kuona pale mzaha ulipokuwa ukielekea, na Shakila aliuweka ungo chini.

Wakati huo Elia alimaliza mazungumzo yake ya simu ya pili. Aliinua uso na kutupia kioo chake jicho moja. Aliona nyumba, akaona viduara viwili, akakumbuka alichoagizwa. Mkono wake wa bluu ulitelemka moja kwa moja, ukakaa juu ya Ukoo.

“Tayari, mjomba,” alisema. Spika zile ni nzuri. Sauti yake ilijaa ghala zima. “Nimeweka kwa Ukoo kama tulivyopanga. Tajiri niko naye hapa, anasema akipata jibu leo wiki ijayo anabomoa. Na huyo mwanamke asikusumbue. Tutamwekea godoro stoo kama ulivyosema, akichoka ataondoka mwenyewe.”

Stambuli alimtazama mke wake, kisha akaitazama picha ya mke huyo ukutani, amesimama mlangoni kwake, na mkono wa bluu umemfunika mpaka kiunoni. Mimi nilimtazama Winfrida. Alikuwa hatazami kioo. Alitazama mkeka, penye doa la uji.

“Elia,” alisema Stambuli. Alikuwa amekwisha kusimama. “Ondoa mkono wako juu ya nyumba yangu.”

“Mjomba?”

“Nasema ondoa mkono. Mimi sijafa. Mke wangu hatalala stoo, mbwa we, mwana wa kuuza makaburi, nitakuja huko huko mjini nikuvunje vidole.”

Akauendea ule mkono wa bluu, akausukuma kwa kiganja. Haukusogea. Akaukwangua kwa ukucha, halafu akavua kofia yake ya kudarizi, akaitemea mate, akaanza kukifuta kioo kwa nguvu zote, kama mtu anayefuta kinyesi cha popo. Mkono ulizidi kung'aa. Elia, ambaye sasa alikuwa ameuona ukurasa vizuri, alisema kitu kuhusu mtandao, akatoweka. Mkono wake aliuacha palepale.

Bi Mwaisha alisubiri mpaka Stambuli alipoishiwa pumzi.

“Jogoo,” alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Stambuli aligeuka, kofia mkononi. “Sikukasirika. Nimesema kwa nguvu tu.”

“Mwalimu?” aliuliza Bi Mwaisha.

“Umekifuta kioo cha chama kwa mate,” nilimwambia Stambuli. “Mtu ambaye hakukasirika angetumia maji.”

“Nimemkasirikia Elia. Elia si mtani wangu.”

“Elia hayupo msibani,” alisema Bi Mwaisha. “Amekaa kwenye kiti, ofisini, ameshuhudia mwenyewe. Ukurasa ni wangu na mzaha ni wangu, na nyumba uliyoipigania iko juu ya mzaha wangu. Hasira hii yote, mtani, ni mali yangu.”

“Ni kweli,” spika zikasema kwa sauti ya Josephina. “Hata huku Gairo imefika.”

Stambuli alifungua kinywa, kisha akakumbuka kwamba hana kauli, akakifunga. Katika ukurasa ule kila kitu kilikuwa na mkono juu yake, isipokuwa jogoo. Bi Mwaisha alikuwa amemwacha makusudi. Sasa mkono mwekundu ulikwenda taratibu, ukamtua mgongoni.

Mlipaji humkamata jogoo mwenyewe, ndivyo ilivyo. Stambuli alitoka nje, na kwa muda tulimsikia akikimbia katika kabichi, na jogoo akipiga kelele za mtu aliyeonewa. Kikao hakimsubiri jogoo. Kwa umri, kiti kilimwendea Josephina, ambaye alikiongoza akiwa sakafuni Gairo, akimenya karanga.

“Turudi kwenye ukurasa wa marehemu wa kweli,” alisema.

Nyumba ya Mwanaheri ilirudi ukutani. Mikono bado ilikuwa imerundikana juu ya Ukoo, maana kila ukurasa huitunza mikono uliyowekewa. Josephina hakuhutubia. Alisema tu, “Mnaona jinsi inavyopendeza mkono wa mtu ukiwa juu ya mlango wako.”

Mkono wa kwanza ulijiondoa, wa mtu wa Mlali. Ulining'inia katikati kwa aibu, kisha ukaenda kwa Winfrida. Wengine waliufuata, na naona ni haki kusema kwamba walikwenda kama kondoo vilevile. Tofauti ni kijito. Mkono wa Shakila haukuwa umewekwa popote katika ukurasa huu tangu mwanzo. Ulikwenda wa mwisho, ukakaa juu ya wote.

“Winfrida, mwanangu, una neno?” aliuliza Josephina.

“Shikamoo, mama. Neno langu si kubwa,” alisema Winfrida. “Chemchemi itabaki wazi kwa kila mtu. Na nikipata cherehani nyingine, nitaiweka pale dirishani alipokuwa akikaa.”

“Marahaba. Umekaa,” alisema Josephina, na hayo ndiyo maneno yanayomkalisha mtu kwetu, hakuna mengine baada yake.

Jogoo alipikwa uani kwa marehemu, na Shakila ndiye aliyempika, polepole, maana alikuwa jogoo wa miaka. Watani walikula kwanza. Stambuli aliwanawisha mikono na kuwapakulia mwenyewe, kama kanuni inavyotaka, akiwa kimya, na Bi Mwaisha alimshukuru kwa kila kipande na kumwombea afe salama. Mwishoni aliwekewa miguu ya jogoo katika sahani ya bati. Akaila, akaitafuna vizuri, akautupa mfupa wa mwisho kwenye majani ya mgomba.

Tuliacha kutafuna, kwa kuwa sasa kauli yake ilikuwa imemrudia, na tulitaka kujua ataitumiaje. Alijifuta midomo. Alimtazama Bi Mwaisha, akanitazama mimi na miwani yangu, na mwisho akamtazama Winfrida aliyekuwa akipita na birika.

“Winfrida,” alisema, “chumvi ilikuwa ndogo. Kama ipo humo ndani kwako, niletee.”

Winfrida akaingia ndani kwake kuitafuta.